Karatasi Juu ya Sauti ya Dada

Dada yangu hana sauti. Anaongea, lakini kwa kunong'ona, na anayetaka kumsikia lazima asogee karibu. Alitolewa tezi la shingoni, hili ambalo wanawake wengi wa huku mlimani wamelibeba maisha yao yote, na daktari alimweleza mapema kwamba mishipa ya sauti inapita jirani na hapo. Tezi lilitoka salama. Sauti ikaondoka nalo. Tulimshukuru Mungu kwa uhai wake na hatujaacha kumshukuru, ingawa kwa umri nilionao sioni sababu ya kuficha kwamba kuna asubuhi niliomba sala hiyo ya shukrani kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa kupanda kilima.

Wasiomjua zamani hawaelewi kilichopotea. Mimi nilikuwa mwinjilisti wa usharika wetu wa Kilutheri hapa juu ya Tengeru mpaka nilipostaafu, na kwa muda wote huo dada ndiye aliyeanzisha nyimbo. Akianza yeye, kinanda kilimfuata. Wajukuu zake wamezaliwa baada ya kisu cha daktari. Wale wadogo humwita Bibi wa Siri, maana kila anachowaambia kinasikika kama siri, hata akiwaambia wakanawe mikono.

Kanda za kwaya tulikuwa nazo, zikaliwa na ukungu kwenye kabati la ofisi ya usharika. Ilibaki kumbukumbu moja tu ya sauti yake, nayo hatukujua iliko. Alipokuwa msichana, kabla mpaka na Kenya haujafungwa, alikaa Nairobi kwa shangazi yetu akijifunza cherehani. Kwenye ua wa nyumba ya shangazi walipanga vijana wenye magitaa waliopenda muziki wa Wamarekani weusi, ule wanaouita soul, na wao wakawa wanajaribu wa kwao. Siku wanakwenda studio mwimbaji wao aliamka na mafua. Wakamwomba shangazi wamwazime binti. Dada aliimba alasiri moja, wimbo mmoja, ukatolewa kwenye sahani ya santuri. Alipewa sahani chache kama asante, akarudi nyumbani, akaolewa, akaingia kwaya, na jambo lile likawa hadithi ya kuchekea jikoni.

Alipopoteza sauti halikuwa la kuchekea tena. Aliniambia, mdomo ukiwa kwenye sikio langu, kwamba anataka kitu kimoja kabla hajafa: wajukuu wamsikie. Nilimwahidi kutafuta. Nilikuwa bado na nguvu wakati huo, na ahadi hutoka kwa urahisi mtu akiwa na nguvu.

Niliuliza watu wa Nairobi wanaokuja sokoni kuchukua parachichi. Niliuliza mafundi redio. Mwishoni nilikuwa nauliza kwa mazoea tu, kama mtu anavyosalimia. Halafu siku moja nikamsikia.

Ilikuwa harusini, kwenye bustani ya hoteli moja Usa River. Nilialikwa kuombea chakula. Nilikwisha kuomba, nimekaa na sahani yangu ya pilau mapajani, nikitamani waseme hotuba upesi nirudi nyumbani nikanyooshe magoti. Mpiga muziki alikuwa akicheza sahani za zamani, zile zenye kukwaruza. Ukaanza wimbo wa gitaa na kinanda cha umeme, akaingia mwanamke. Nikaweka pilau chini ya kiti.

Meza ya muziki ilikuwa pembeni, chini ya hema. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa mtaa wa Kaloleni mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha Arusha kuliko changu. Aliponiona nakuja akaweka kiganja karibu na sahani iliyokuwa inazunguka, kama mtu anayezuia upepo usizime mshumaa. Katikati ya sahani ile, mahali penye jina la wimbo, palikuwa pamebandikwa karatasi ya kaki, na juu yake ameandika kwa kalamu nene: Malkia wa Addis.

"Shikamoo mzee. Nimeweka sauti juu sana? Nipunguze?"

"Marahaba. Usipunguze. Nani huyu anayeimba?"

"Malkia wa Addis. Imeandikwa hapo."

"Hapo umeandika wewe."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mzee, umetumwa na nani?"

"Sijatumwa na mtu."

"Wote husema hivyo. Kuna jamaa wa Moshi alinitumia padre kabisa, na kanzu yake. Padre akaniuliza jina la wimbo kwa upole, utafikiri ananiungamisha."

"Mimi si padre. Ni mwinjilisti mstaafu, Mlutheri."

"Basi wamebadilisha dhehebu."

Nikamwambia ni dada yangu. Akaniambia kwa heshima kwamba huyo mwimbaji ameshaletewa ndugu wengi, shangazi wawili na mama mkwe, na kwamba pilau langu linapoa. Akabadilisha sahani.

Baadaye nilielewa kwa nini. Alikuwa na duka Kaloleni, la marehemu baba yake, ambaye zamani aliuza redio na sahani. Mbele ya duka sasa anauza chaja na soketi. Nyuma, kwenye chumba kisicho na dirisha, zipo sahani toka chini mpaka dari. Nilianza kupita pale kila nilipokwenda mjini kuchukua dawa zangu za presha. Nilikuwa nakaa kwenye benchi, ananipa chai ya tangawizi, na kwa kuwa hakutaka kuzungumzia wimbo ule alinieleza kazi yake.

Watu wanaokusanya sahani hizi, alisema, wako dunia nzima, na heshima yao ni kuwa na kitu ambacho mwenzako hana. Ukipata sahani isiyojulikana, unaifunika jina kwa karatasi, unaipa jina la uongo, ndipo unaicheza mbele ya watu. Wenzako watasimama karibu na meza wakinyoosha shingo. Wataelekeza simu zao hewani ili simu iutambue wimbo, na simu itashindwa. Wengine hawatosheki na karatasi. Huloweka sahani kwenye maji ya uvuguvugu mpaka jina libanduke lenyewe. Ukishajulikana jina la wimbo, mtu mwingine ataitafuta sahani kama hiyo, ataipata, na wewe utakuwa kama kila mtu.

"Na aliyeimba?" niliuliza.

"Aliyeimba hana hasara, mzee. Watu wanamcheza."

"Hajui kama anachezwa."

"Hilo ndilo linalomfanya awe adimu."

Alisema bila ubaya wowote. Mimi nimeishi na watu wengi, na nimeona mtu anaweza kuwa mkarimu wa chai, mkarimu wa muda, hata wa damu yake hospitalini, halafu akawa na kitu kimoja tu ambacho mkono wake haufunguki. Sikumchukia. Nilichoka tu. Nilikuwa nikifika nyumbani dada ananiangalia kwa kuinua nyusi, natikisa kichwa, anarudi kupembua mchele. Ikawa ndiyo salamu yetu.

Siku iliyobadilisha mambo mvua ilinifungia dukani kwake. Hakukuwa na wateja. Nikamuuliza, kwa kupitisha muda, ubeti wa pili wa wimbo ule unaimbwa kwa lugha gani.

"Kiamhara," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Nimekisia. Nilipokwenda kuicheza Ulaya wazungu waliniuliza, nikawaambia Kiamhara, wakafurahi. Ndiyo maana nikamwita Malkia wa Addis."

"Ni Kimeru. Vijana wale walikuwa na maneno ya ubeti mmoja tu, wakamwambia binti aongeze chochote. Akaimba maneno ya kumbembeleza ng'ombe anayegoma kuachia maziwa. Mama yetu alikuwa akiyasema kila alfajiri."

Nikamsomea yale maneno taratibu, la kwanza mpaka la mwisho, na maana yake. Alikwenda chumba cha nyuma, na baada ya muda nikasikia wimbo ukipigwa kwa sauti ya chini sana. Ukafika ubeti wa pili. Ukarudishwa. Ukarudishwa tena. Alipotoka alikaa kwenye benchi upande wangu, si upande wake wa kaunta.

"Kwa hiyo," alisema, "miaka yote hii watu wa Ulaya wanacheza maneno ya kukamulia."

"Wanacheza vizuri?"

"Vizuri mno."

Tukacheka mpaka chai yangu ikamwagika. Lakini kicheko kilipokwisha nikaona hofu imemwingia, na haikuwa ile ya kwanza. Mwanzoni aliogopa watu kujua jina la sahani. Sasa alikuwa anajua mwimbaji yu hai, juu ya Tengeru, na mtu yeyote akilijua hilo atapanda kwenda kumuuliza. Akaviringisha ncha ya waya mkononi.

"Nitakuja kwenu," alisema. "Nitaleta sahani na mashine yangu. Atasikia yeye na wewe. Wajukuu hapana. Simu hapana. Mtoto mmoja akirekodi kwenye simu, kesho yake iko Moshi, keshokutwa iko London. Unielewe, mzee."

Nilimwelewa. Nilimwambia pia kwamba dada hakuomba asikie yeye. Akasema hivyo ndivyo anavyoweza. Nikakubali, na sikukubali kwa hekima yoyote. Mvua ilikuwa imepungua na nilitaka kurudi nyumbani. Nilipomweleza dada sharti lile, alimaliza kwanza kupembua ungo wake wa mchele. Kisha akaninong'oneza: "Mwache aje."

Alikuja alasiri, masika yakiwa yamekolea. Gari lilikwama karibu na shule ya msingi, akapanda kwa miguu kwenye utelezi, mashine yake ya kupigia sahani ameifunga kwa kitenge na kuikumbatia. Sahani yenyewe ilikuwa ndani ya shati, kifuani. Nilijitolea kumsaidia, akanipa mwavuli.

Dada alikuwa ameandaa loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando, na chai. Wajukuu walikuwa wameshafukuzwa kwenda migombani, maana yake walikuwa wamebanana chini ya dirisha, tunasikia wanavyosukumana. Mgeni akala, akasifu maziwa, akanawa mikono mara mbili kabla ya kugusa vitu vyake. Sindano ikiwa tayari, akasita. Kuna swali lilikuwa linamwasha toka siku ile ya mvua.

"Mama, kabla sijaicheza. Walikupa sahani ulipoondoka Nairobi. Mzee ameniambia. Zile ziko wapi?"

Dada akamwita kwa kidole asogeze sikio. Akainama.

"Najua ziko wapi," akanong'ona. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba hata mimi nilisikia.

Mgeni akaketi wima. "Wapi?"

Dada akaonyesha dirisha. "Waingie kwanza."

"Mama, tulikubaliana na mzee."

"Mzee ulikubaliana naye wewe."

Alimtazama dada, akanitazama mimi. Nikajishughulisha na kikombe changu. Yule bwana alikuwa na uso wa mtu aliyekutana na mwenzake wa kazi.

"Naona na wewe umebandika karatasi," akasema.

Dada akatabasamu, akakunja mikono, akangoja. Katika kungoja hakuna anayemshinda. Mtu asiye na sauti hujifunza.

Mwishowe mgeni aliomba sufuria. Binti wa dada akaleta kubwa, ile ya kupikia makande, na simu zote za nyumba zikawekwa humo: ya kwangu ya vitufe, za wakwe, ya mjukuu mkubwa aliyoitoa kwa kununa. Mgeni akafunika sufuria kwa mfuniko, akaiweka katikati ya miguu yake, akaibana kwa vifundo. "Haya," akasema. Wakaingia, wenye matope, wakajipanga ukutani.

Ikakwaruza, likaja gitaa, kikaja kinanda. Akaimba.

Sitajaribu kuieleza sauti ile. Ilikuwa ya msichana aliyezoea kuita watu kutoka upande wa pili wa bonde, na hapo anaimba maneno ya mapenzi ambayo hakuwa ameyajua bado. Mimi nilitazama sakafu. Nilimwazia mama.

"Babu," akasema mjukuu mkubwa, "nani huyu?"

"Bibi yenu."

Wakaangaliana. Mmoja akacheka, mwingine naye akacheka kwa kumfuata. "Huyu Bibi?"

"Bibi haongei hivyo," akasema yule mdogo wa mwisho, msichana, bila dharau, kama anayerekebisha kosa la mzee.

Nikamwona dada. Alikuwa amewatazama wao tangu mwanzo, si mashine, na sasa uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ninayoijua, ile ya mtu anayekunja nguo na kuirudisha sandukuni. Ningewaapia, wangeniamini kwa adabu tu, na alichotaka dada hakikuwa adabu. Nilihisi uchovu wa miaka yote ile ya kuuliza sokoni ukinishukia mabegani kwa mara moja. Nikaomba kimoyomoyo, sala fupi isiyo na maneno mazuri.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Pakawa na gitaa peke yake. Kabla ya ubeti wa pili, kwenye sahani ile, mwimbaji anavuta pumzi. Inasikika wazi, pumzi ndefu, ya mtu aliyeambiwa aongeze chochote na ndiyo kwanza ameamua ataongeza nini. Dada akaivuta pumzi ile ile wakati ule ule, kifua kikapanda, na midomo yake ikaanza kwenda na maneno ya kukamulia. Hakuyafuata maneno kutoka kwenye mashine. Aliyatangulia, kidogo tu, sauti ikawa inakuja nyuma ya midomo yake. Nilimkumbuka yule mama wa kwenye Biblia aliyeomba hekaluni midomo ikicheza na sauti haisikiki, kuhani akamdhania amelewa.

Yule mdogo aliacha ukuta. Akaenda mpaka kwenye magoti ya bibi yake, akamwangalia mdomo, akaangalia mashine, akarudi mdomoni. Kisha akaweka kiganja chake shingoni kwa bibi, juu ya kovu, kama anayetafuta mahali sauti inapotokea. Akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha.

"Rudia, Bibi," akasema.

Hakumwambia mgeni, alimwambia Bibi. Mgeni akainua sindano, akairudisha mwanzo, bila kuombwa na mtu. Safari hii hakuna aliyecheka, na ilipofika pumzi ile, wote walimtazama dada na wengine wakavuta pamoja naye.

Baada ya hapo chai ikamiminwa upya. Mgeni alikuwa mtu wa heshima, alingoja dada anywe. Kisha akainama, akaweka sikio.

"Shangazi alikuja kutusalimia," dada akanong'ona, "akazikuta kabatini. Akafunikia ndoo za maziwa. Zilienea vizuri."

"Zote?"

"Zote. Jua likazipinda, tukazitupa."

Alibaki ameinama. Nilijua anachokihesabu: kwamba huenda ile iliyo kwenye mashine yake ndiyo pekee iliyobaki. Alijitahidi kuonyesha huzuni, akashindwa. Furaha ilimpanda mpaka masikioni, akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Nisamehe, mama."

"Furahi tu," dada akamwambia. "Umeitunza kuliko sisi."

Akazirudisha simu mwenyewe, akimkabidhi kila mmoja yake. Mimi nikamsindikiza mpaka shuleni, tukishikana mikono kwenye utelezi, watu wazima wawili. Sahani ilirudi ndani ya shati, na karatasi yake juu yake. Hakusema kama ataibandua, nami sikumuuliza. Tuliagana vizuri. Kila nikipita Kaloleni chai yangu ipo.

Hatukubaki na kitu, basi. Wajukuu walimsikia bibi yao mara mbili, alasiri ile ya mvua, na hakuna simu iliyohifadhi. Kuna siku najiuliza kama ilitosha, kisha naacha, kwa sababu dada hajiulizi. Jioni, baada ya sala, yule mdogo huja na kuweka mkono shingoni kwake.

"Bibi, vuta ile pumzi."

Dada anaivuta. Mtoto anaimba yale maneno ya ng'ombe, kwa sauti kubwa, akikosea katikati. Dada anamrekebisha sikioni. Anaanza tena, na mimi kwenye kiti changu, miguu ikiuma, nausikia wimbo mpaka usingizi unichukue.